Mishamo Walishasema

Kila nikisoma insha ya msomi wetu kuhusu "wasio na sauti", nasubiri nione kama atataja Katumba au Mishamo. Wapi! Atamtaja Gayatri Spivak na swali lake la 1988: je, mnyonge wa chini kabisa anaweza kusema? Atajibu hapana, insha imeisha.

Spivak hakusema wanyonge ni mabubu. Alisimulia kisa cha binti wa Calcutta aliyejiua mwaka 1926. Binti alingoja kwanza aingie mwezini, ili watu wasidhani ni aibu ya mimba. Miaka ikapita, ndugu bado wakasema yalikuwa mambo ya mapenzi. Binti alisema. Hakusikika.

Sasa njoo huku kwetu Katavi. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa pori, wakalifyeka, wakalima. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki alikaa Mishamo akiwasikiliza, na mwaka 1995 kitabu chake, Purity and Exile, kikatoka. Humo wanaieleza historia ya Burundi kwa mtazamo wao, na wanaichambua hata kambi yenyewe: nani anatawala, nani anatumikishwa. Hiyo ni nadharia, jamani, imetungwa na wenye majembe mkononi. Ila imechapwa kwa Kiingereza, kwa hiyo waliosimulia si walioandikiwa.

Kisha ikaja habari ya uraia. Rudi Burundi, au uwe Mtanzania. Wengi wakachagua Tanzania, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti: wahame makazi hayo, wakatawanywe mikoa mingine. Kubaki shambani kwako, ulipozika wazazi wako, halikuwa jibu lililoruhusiwa. Wengi walibaki vilevile, wakapanda mahindi msimu baada ya msimu bila cheti mkononi. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na sharti la kuhama likaachwa.

Kama huko si kusema, ni nini? Serikali, pamoja na ukaidi wake wote, ilisikia baada ya miaka kadhaa. Wasomi wetu bado wanauliza kama watu hawa wana sauti, huku mjini Mpanda raia hao bado wanaitwa wakimbizi, na wajukuu wao pia. Kutoka Mpanda mjini hadi Katumba si mbali, na Kiswahili wanakijua.