Tuandike Hata Majaribio Yaliyoshindwa



Katika zoezi la shimi, siye wa mwaka wa tano tulikuza kristali za sulfati ya shaba. Kundi letu tulitia chupa ya moto katika maji baridi mara moja. Asubuhi tukakuta unga wa buluu chini, basi. Tukaandika hivyo hivyo kwenye kaye, tukapata 4 kwa 10. Kundi jirani nao hawakuwa na kristali, lakini waliandika «kristali nzuri, sentimeta 2». Wakapata 8! Hadi leo wanatucheka.

Simlaumu mwalimu, hawezi kukagua chupa zote peke yake. Ninalaumu desturi yetu.

Umeme ukikatika usiku, toka Kadutu mpaka Ibanda tunasomea zile taa ndogo nyeupe za betri. Ndani yake iko kristali ndogo sana ya nitridi ya galiamu. Yenyewe inatoa mwanga wa buluu. Unga wa manjano unaoifunika unageuza sehemu ya mwanga huo, na macho yanaona weupe. Kristali hii haikuzwi katika chupa. Hata kuiyeyusha ni shida, maana nitrojeni inakimbia mbele. Njo maana wanapitisha gesi yenye galiamu pamoja na amonia juu ya kipande cha yakuti chenye joto la digrii 1,000 na zaidi, na kristali inajijenga tabaka juu ya tabaka. Lakini atomu za yakuti na za nitridi hazilingani nafasi, tofauti ni karibu 16 kwa 100. Kwa hiyo zamani ilitoka na nyufa na ukungu.

Hiroshi Amano alikuwa mwanafunzi wa Profesa Isamu Akasaki kule Nagoya, Japani. Alijaribu zaidi ya mara 1,500. Siku moja ya mwaka 1985 tanuru liligoma kupanda joto. Akaona afadhali atangulize tabaka jembamba la nitridi ya alumini kwa joto dogo, kisha akaongeza joto. Kipande kikatoka cheupe kama kioo cha dirisha, hata akadhani amesahau kufungulia galiamu! Akakiweka chini ya mikroskopi: kristali iko, tena laini. Mwaka 2014 yeye, Akasaki na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa niambieni: kama siku ya kwanza angeandika «kristali nzuri» apate pointi, angejuaje kwamba ile ya 1985 ni tofauti?

Wengine watasema tunataka wavivu wapewe pointi za bure. Hapana. Aliyeshindwa aandike joto, muda, alichokiona kwa lenzi, na sababu anayoidhani. Kwa hayo apewe 6 kwa 10, hata kama chupa iko na unga tu. Aliyetunga apewe sifuri.

Siye tulirudilia zoezi. Safari hii tulifunika chupa kwa blanketi ipoe polepole, na tukangoja siku tatu. Kristali ya milimeta 6 iko kwenye dirisha la labo. Kaye ya mara ya kwanza tumeiweka kando yake, na 4 yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Bio-Shimi