Kuvunjika na Kuvunjwa: Mguu wa Farasi kabla ya Mashindano Makuu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kitivo hiki anajua tofauti ya kuvunjika na kuvunjwa. Ukisema kikombe kimevunjwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa humwacha mtendaji mlangoni, tayari kuitwa. Ukisema kikombe kimevunjika, swali hilo halina pa kuingilia. Kauli ya kutendeka inatosha yenyewe. Ni kauli nzuri sana kwa mtoto aliyeangusha kikombe, na ni nzuri vilevile kwa watu wazima wenye fedha nyingi. Nadai katika makala hii kwamba habari za farasi wa mashindano zimezoea kuandikwa kwa kauli ya mtoto huyo, na kwamba sisi tunaosomea lugha tuna la kusema juu yake.

Najua nitaulizwa: farasi gani, hapa Nyakabere? Ni kweli, watu wengi wa pwani hii ya kaskazini ya Tanganyika wamemwona farasi kwenye picha tu. Sababu moja ni ya zamani: mbung'o na ugonjwa anaoueneza humuua farasi upesi kuliko ng'ombe wa kienyeji. Hata Burton na Speke, walipofika Uvira mwaka 1858, walifika kwa mtumbwi, na punda wao wengi walikuwa wamekufa kabla hawajaliona ziwa. Hata hivyo lugha yetu inamjua farasi vizuri. Kamusi zina shoti, mbio zake za mwisho. Zina matiti, mwendo wa kukimbia polepole. Zina telki, hatua za haraka zisizo mbio. Kwa mnyama mwenye maumivu tuna kuchechemea, kuchopea na kuguchia. Na tuna neno saisi, mtu anayemlisha farasi, anayemwosha na kumshika miguu kila asubuhi. Neno hilo ni la Kiarabu. Sisi tumelipata kwa njia ya pwani, Waingereza wamelipata kwa njia ya India, na yote mawili yanakutana leo Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Huko mashindano hufanyika siku za Jumapili chini ya Jockey Club of Kenya, na wachunga farasi wanaitwa bado kwa jina hilo.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe.

Wengi hudhani farasi huvunjika mguu kwa sababu amekanyaga vibaya. Hutokea. Lakini tangu mwaka 1990 jimbo la California limekuwa likiwapasua na kuwachunguza farasi wanaokufa viwanjani mwake, na jambo ambalo madaktari wa wanyama wameliona mara nyingi ni hili: mahali mfupa ulipokatika palikuwa na ugonjwa wa zamani. Palikuwa na nyufa ndogo ndogo na mfupa mpya uliojaribu kuziba. Siku ya mashindano ilimaliza tu kazi iliyoanza wiki au miezi kabla, asubuhi za mazoezi, pasipokuwa na mtazamaji.

Mfupa si kama chuma. Chuma kikichoka hakijitengenezi, mfupa hujitengeneza, na hapo ndipo penye mtego. Kabla ya kujenga upya, mwili huchimba kwanza ile sehemu iliyochoka na kuiondoa. Kuchimba huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Katikati ya hayo mfupa una matundu na ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya matengenezo. Tena uchimbaji huo huongezeka farasi anapopumzika. Kwa hiyo farasi aliyekaa bandani miezi miwili kwa sababu ya kikohozi anarudi uwanjani akiwa na manyoya yanayong'aa na hamu ya kukimbia. Mapafu na misuli yake hurudi upesi, lakini mifupa hubaki nyuma. Mtu akimtazama anaona farasi aliye tayari. Farasi mwenyewe anajiona yuko tayari.

Wala dawa si kumwacha apumzike tu. Mfupa usiopata kishindo cha mbio za kasi haujengeki kuzihimili. Farasi mchanga aliyezungushwa matiti miezi yote kisha akaagizwa shoti ghafla yuko hatarini kama yule aliyekimbizwa kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kasi kidogo kidogo, masafa mafupi, ikiongezwa kwa hatua, na nafasi ya mwili kujibu. Wakufunzi wazuri wanajua haya. Sidhani wengi wao ni watu wakatili. Nadhani ni watu wenye kalenda.

Kalenda ndiyo adui. Mashindano ya aina ya Derby, ya Epsom, ya Kentucky au ya Kenya, ni ya farasi wa miaka 3 tu. Hakuna mwaka ujao. Ile ya Kentucky hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, na Jumamosi hiyo haisogei kwa ajili ya goti la mtu yeyote. Farasi akikosa mazoezi ya wiki mbili, mwenye hesabu za fedha anasema wiki hizo zifidiwe: mbio ndefu mbili ndani ya siku kumi, mahali palipopangwa moja. Neno kufidia linasikika la busara. Kwa deni la duka ni la busara. Kwa mfupa unaochimbwa ni hatari tupu. Halafu inakuja sindano ya kwenye kiungo, au dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, na ile joto ambayo saisi angeisikia kiganjani asubuhi haipo tena. Ugonjwa uko palepale, ila shahidi amenyamazishwa. Ndiyo maana kanuni mpya za Marekani, chini ya mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2022, zinakataza sindano ya kiungo ndani ya siku 14 kabla ya mashindano.

Mwaka 2023 tuliona mambo yote haya mahali pamoja. Katika uwanja wa Churchill Downs farasi 7 walikufa katika siku zilizoelekea Derby ya Kentucky na siku yenyewe. Hadi mwisho wa mwezi wa tano walikuwa 12, na mashindano yakahamishiwa uwanja mwingine. Asubuhi ya Derby, madaktari wa jimbo walimwondoa Forte, farasi aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote, kwa sababu ya jeraha la ndani kwenye ukwato wa mguu wa mbele wa kulia. Mwenye farasi hakufurahi. Alikuwa na haki ya kutofurahi. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba uamuzi haukuwa wake, wala wa mkufunzi wake. Ulikuwa wa mtu asiyepoteza chochote farasi akibaki bandani.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na nauleta kwa sababu unaonekana kunipinga. Katika Melbourne Cup ya mwaka 2020 farasi Anthony Van Dyck, mshindi wa Derby ya Epsom mwaka 2019, alivunjika kifundo cha mguu na akauawa ili asiteseke. Waangalizi wa jimbo la Victoria wakaweka masharti makali: miguu ya farasi ipigwe picha za ndani kwa mashine za skana kabla ya mashindano. Mwaka 2024 masharti hayo yalimzuia Jan Brueghel, aliyetoka kushinda St Leger kule Uingereza. Mkufunzi wake, Aidan O'Brien, alikataa katakata kwamba farasi ana tatizo. Na mwezi wa sita mwaka 2025 Jan Brueghel akashinda Coronation Cup hukohuko Epsom.

Je, madaktari walikosea? Wapo wanaosema hivyo, na ukiwasikiliza haraka wanashawishi. Lakini madaktari hawakusema farasi huyu atavunjika. Walisema hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake. Mtu anayevuka Ruzizi wakati wa mafuriko akafika ng'ambo salama hajathibitisha kwamba mto ulikuwa salama. Gharama ya kumzuia farasi mzima ni mashindano moja yaliyokosekana. Gharama ya kumruhusu mwenye ufa tunaijua. Tangu masharti hayo yaanze hadi mwaka huo wa 2024, hakuna farasi aliyekufa katika Melbourne Cup. Na Marekani, ambako mwaka 2009 farasi 2 walikufa katika kila mara 1,000 farasi aliposimama kwenye mstari wa kuanzia, kiwango hicho kilishuka mwaka 2024 hadi 0.90 katika viwanja vilivyo chini ya mamlaka mpya. Kama vifo hivi vingekuwa bahati mbaya tu, kanuni zisingevipunguza kwa zaidi ya nusu. Bahati haisomi kanuni.

Hapo nafika kwenye neno ninalolipinga zaidi: ajali. Wahadhiri wetu wa historia ya lugha watanisahihisha nikipotoka, lakini asili yake ni Kiarabu ajal, muda uliowekwa, saa ya kifo isiyosogea. Kiswahili kimelichukua likiwa na majaliwa ndani yake, ndiyo sababu tunasema ajali haina kinga na hakuna anayecheka. Mtangazaji anaposema farasi amepata ajali, anasema zaidi ya anavyokusudia. Anasema saa yake ilikuwa imefika. Ukweli ni kwamba mtu fulani, Jumanne fulani, aliamua farasi huyu akimbizwe tena siku ya Alhamisi. Uamuzi huo una mtendaji, una tarehe, na mara nyingi una mtu aliyekuwa na shaka akanyamaza.

Mtu huyo, nadhani, mara nyingi ni saisi. Ndiye anayejua kwamba kifundo cha kushoto kilikuwa na joto jana. Anajua farasi amebakiza chakula na kwamba leo ameguchia hatua tatu alipotoka bandani kisha akanyooka. Hatua tatu hizo daktari hatazikuta akija saa nne. Lakini saisi hulipwa na watu ambao wanataka farasi akimbie, na anaposema ana shaka anahatarisha mkate wake. Kanuni inayomtaka daktari huru bila kumlinda saisi imeacha nusu ya ujuzi nje ya mlango. Ningependa neno lake liandikwe kila asubuhi katika daftari, kwa lugha anayoijua, na daftari hilo lisomwe na daktari asiyelipwa na mwenye farasi. Kuchechemea, kuchopea na kuguchia si kitu kimoja katika masikio ya mtu wa bandani. Ukimlazimisha azitafsiri zote kwa neno moja la Kiingereza la kilema, umepoteza habari.

Lamu kuna mfano mwingine, wa punda. Katika sherehe za kisiwa hicho vijana hushindana kwa punda kando ya bahari, na ni furaha kweli. Punda huyohuyo kesho ndiye mbeba mawe na mchanga wa kujengea. Anayempanda mara nyingi anaishi kwa mgongo wake, kwa hiyo ana sababu yake mwenyewe ya kutomvunja. Bado hilo pekee halikutosha: tangu miaka ya 1980 kuna kliniki ya punda mjini humo, na kazi haijaisha. Upendo wa mwenye mnyama ni jambo jema lakini si ukaguzi.

Na huku kwetu? Wachungaji wanaopita na ng'ombe katika uwanda wa Ruzizi humtenga anayechechemea kabla jua halijapanda. Hawana Jumamosi ya kumsubiri. Ila sisi tuna mpira. Kabla ya fainali yoyote ya mtaa utamwona kijana amefungwa bendeji gotini, wazee wa timu wakimwambia ajikaze, dakika tisini si nyingi. Goti likikubali, ni shujaa. Likikataa, redio inasema ameumia kwa bahati mbaya. Kuumia, tena, si kuumizwa. Baadhi ya wasomaji wa jarida hili watasoma taarifa hizo redioni mwaka mmoja au miwili ijayo, na hakuna mhariri atakayewalazimisha kuchagua kauli moja au nyingine.

Kitenzi kimoja bado kinanisumbua, nacho ni kujitoa. Mara nyingi husemwa fulani amejitoa katika mashindano, hata anapokuwa mnyama. Forte hakujitoa. Alitolewa, na waliomtoa wanajulikana.