Kabla ya Kuuza Mashua, Ulizeni Jina la Ugonjwa

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini mzazi akishaambiwa kwamba mwanawe ana saratani ya damu, ni nani atakayethubutu kumkumbusha methali? Atauza ng'ombe, atauza shamba, atauza hata mabati ya nyumba, mradi mtoto apone. Simlaumu. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Majuzi nilialikwa kwenye kikao cha mchango katika boma moja karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Kijana wa boma hilo, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 20, alikuwa amekonda, akitokwa na jasho usiku, na tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limevimba. Baada ya kupimwa damu na uboho, familia iliambiwa ni saratani ya damu. Kikao kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na daftari la ahadi. Ajenda ilikuwa moja tu: kumpeleka kijana India akapewe ile tiba mpya ya chembechembe ambayo kila mtu anaizungumzia.

Baba yake ni mvuvi wa omena. Ana mashua mbili na kipande cha shamba huko Seme. Baba mdogo wa kijana, mtu mwepesi wa kutenda, alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa mashua zote mbili. Isitoshe, alikuwa na nambari ya simu ya wakala mmoja aliyemhakikishia kwamba tiba hiyo huponya saratani yoyote ya damu, ila malipo ya kwanza sharti yatumwe kabla ya Ijumaa.

Ndipo nyanya ya kijana, aliyekuwa ameketi kimya karibu na mlango, akauliza: "Huyo daktari wa India ameshamwona mjukuu wangu?"

Akajibiwa kwamba bado.

"Basi amejuaje dawa yake?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Mama mgonjwa akaingia chumbani, akarudi na bahasha kubwa ya kaki iliyojaa karatasi za hospitali, na pakiti ya vidonge juu yake. Jirani mmoja, muuguzi aliyestaafu, akavaa miwani na kuzisoma moja baada ya nyingine. Kisha akatueleza kwamba ugonjwa wenyewe umeandikwa kwa herufi tatu: CML.

"Na hivi vidonge, anavimeza?" akauliza.

Mama akainama. Baba mdogo ndiye aliyejibu: "Alimeza siku chache, akaacha. Shemeji mwenyewe aliona haviwezi kitu. Vidonge ni vya malaria, dada. Saratani haiponi kwa vidonge."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipotambua jinsi ambavyo boma zima lilikuwa karibu kuuza mali yake ya miaka mingi ili kuikimbia dawa iliyokuwa tayari mezani.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifahamu ni kwamba saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Ni ukoo mkubwa wa magonjwa. Damu hutengenezwa ndani ya uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Chembechembe zikiharibika huko na kuzaana ovyo, aina ya chembe iliyoharibika, na mwendo wa ugonjwa wenyewe, ndivyo huamua tiba. Kusema "ana saratani ya damu" ni sawa na kusema "anaishi Nyanza". Bado hujamwonyesha mgeni nyumba.

Hiyo CML ni lukemia inayokwenda polepole. Husababishwa na kosa moja mahususi: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, na kosa hilo huipa chembe amri ya kuzaana bila kukoma. Zamani tumaini kubwa lilikuwa kupandikizwa uboho. Lakini mwaka 2001 dawa ya vidonge iitwayo imatinibu iliidhinishwa nchini Marekani, na kazi yake ni kuizima amri hiyo. Leo wengi wanaoimeza kila siku, na kupimwa mara kwa mara ili kuona kama inafanya kazi, huishi miaka mingi, wakisoma, wakioa na kulea watoto. Kwa muda mrefu, mpango wa shirika la Max Foundation umewawezesha wagonjwa nchini Kenya kuipata bila malipo. Na ile tiba ya chembechembe ambayo mashua zilitaka kuuzwa kwa ajili yake? Siyo tiba ya CML hata kidogo.

Mfano wa pili tunao hapa hapa ufuoni. Watoto wa maeneo ya Ziwa Victoria huugua saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya au tumbo kwa kasi ya kutisha. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye aliuandika ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 alifunga safari ndefu kwa gari kuukuu hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali baada ya hospitali, akagundua kwamba ugonjwa huu unapatikana sana nyanda za joto na mvua, ambako malaria imetia fora. Mwaka 1964 wanasayansi waliochunguza chembe za uvimbe huo kutoka Uganda walipata ndani yake virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Aidha, huu ulikuwa miongoni mwa saratani za kwanza ulimwenguni kuponywa kwa dawa pekee, na watoto waliothibitisha hilo walikuwa wa Afrika Mashariki. Mtoto wa Burkitt hahitaji pasipoti. Anahitaji kufikishwa hospitali mapema, pale Jaramogi Oginga Odinga tunapopaita "Russia", au Eldoret, na kumaliza dawa zake zote bila kuruka hata awamu moja.

Je, nasema hakuna anayepaswa kwenda ng'ambo? La hasha. Wapo ambao safari ndiyo njia yao. Na tuielewe basi hiyo tiba yenyewe.

Mwilini mna askari, chembechembe nyeupe ziitwazo T. Saratani ya damu huwa na ujanja wa kujificha askari hao wasiione. Katika tiba hii, mgonjwa hutolewa damu kupitia mashine inayochuja askari hao na kumrudishia damu iliyobaki. Kisha wataalamu wa maabara huwatia askari hao jeni mpya, mithili ya kuwapa picha ya mhalifu, na kuwazidisha hadi wawe mamilioni. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Mgonjwa hupewa dawa za kupunguza chembe zake za zamani, halafu askari wake wenyewe hurudishwa mwilini kwa mpira, kama anayetiwa damu.

Mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo, msichana Mmarekani aitwaye Emily Whitehead, alikuwa na umri wa miaka 6 mwaka 2012, huko Philadelphia. Saratani yake ilikuwa imerudi mara mbili. Alipona. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa bei ya dola 475,000, ambazo kwa kima cha leo ni zaidi ya Sh60 milioni. Mwezi Oktoba 2023 India nayo iliidhinisha ya kwake, NexCAR19, iliyobuniwa Mumbai, kwa bei ya takriban dola 50,000, yaani zaidi ya Sh6 milioni. Bei hiyo ndogo ndiyo iliyowafanya watu wetu waanze kuitazama Mumbai.

Lakini sikiliza vyema, msomaji. Tiba ya Mumbai iliidhinishwa kwa wagonjwa wa miaka 15 na kuendelea, tena wenye lukemia au limfoma ya chembechembe za aina ya B, ambao ugonjwa wao umerudi au umekataa dawa za kawaida. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, wagonjwa 37 kati ya 51 waliopimwa matokeo walipata nafuu. Hiyo ni habari njema sana kwa watu waliokuwa wamekatiwa tamaa. Hata hivyo, kwa nusu ya wenye lukemia nafuu hiyo haikupita miezi 6, na kwa nusu ya wenye limfoma haikupita miezi 4. Kwa wengine, basi, tiba hii ni daraja la kuvukia tu. Ng'ambo ya pili kunasubiri upandikizaji wa uboho, ambao una gharama yake, na unahitaji mtu wa kutoa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa kikamilifu.

Kwa hivyo, kabla ya mnunuzi wa mashua kuitwa, familia na ikae na kuuliza maswali haya.

Kwanza, jina kamili la ugonjwa ni lipi? Liandikwe kwenye karatasi na daktari wa damu, na matokeo ya vipimo yaambatanishwe.

Pili, dawa zinazopatikana hapa nchini zimetumiwa ipasavyo na kushindwa, au tumezidharau tu? Na kama ni uboho unaohitajika, tutazame kote. Dodoma, hapo Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Mambo yanasogea karibu nasi.

Tatu, nani anatupeleka? Rufaa ya haki hutoka kwa daktari anayemtibu mgonjwa kwenda kwa daktari wa hospitali iliyotajwa jina, na Baraza la Madaktari, KMPDC, ndilo linalosimamia rufaa za ng'ambo. Ulizeni pia SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, italipia nini na haitalipia nini. Wakala anayeahidi kuponya saratani "yoyote" na kudai pesa kabla ya Ijumaa hajui ugonjwa wa mwanao. Anachojua ni hofu yako.

Nne, tumehesabu siku au tumehesabu tiketi tu? Baada ya askari kurudishwa mwilini, homa kali, shinikizo la damu kushuka na hata kuchanganyikiwa huweza kumpata mgonjwa, na anapaswa kukaa karibu na hospitali kwa majuma kadhaa. Atalala wapi? Nani atampikia? Na akirudi Kisumu, ni daktari gani atakayemfuatilia, maana kinga yake itakuwa dhaifu kwa miezi mingi?

Tano ni lile tusilopenda kulitamka. Asipopona huko, tutamrudishaje nyumbani? Nimejua familia iliyomaliza kila senti kwenye matibabu, kisha ikafanya mchango wa pili wa kusafirisha mwili. Kulizungumza mapema si kumwombea mtu mabaya. Ni kumheshimu.

Kwani ng'ambo si kwa Mungu. Gavana wetu Anyang' Nyong'o, alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza kwamba ana saratani ya tezi dume, akatibiwa Marekani, akarudi na yuko kazini. Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, aliugua lukemia kali, akaenda Uingereza mwaka 2017 akatibiwa kwa miezi mingi, akarudi kazini mwaka 2018, na tarehe 1 Julai 2019 akafariki jijini Nairobi. Magonjwa yao hayakuwa sawa, na hakuna aliyekosea kwenda. Ila tuondoe ile imani kwamba aliyepanda ndege amekwisha kupona.

Turudi Dunga. Kikao kiliisha bila mashua kuuzwa. Baba mdogo alimpigia wakala simu mbele yetu, akamuuliza kama tiba yake inafaa CML. Yule bwana akajibu kwamba hayo yatajulikana wakishafika. Simu ikakatwa, na nadhani ni baba mdogo aliyeikata. Juma lililofuata, mama na mwanawe walirudi kliniki, na daktari akathibitisha aliyoyasema muuguzi. Aliwakaripia kidogo kwa kuacha dawa, akawaonya kwamba kuiruka huufundisha ugonjwa ukaidi. Michango iliyokusanywa imewekwa kwa ajili ya nauli na vipimo.

Kijana bado ana safari ndefu. Ikiwa kidonge hiki kitashindwa, vipo vingine, na vikishindwa vyote, huenda siku moja kikao kikaitwa tena. Kikiitwa, nitahudhuria, na nitatoa changu. Lakini kwa sasa anameza dawa kila jioni, wakati ule ule ambapo baba yake anawasha taa na kuisukuma mashua majini. Nyanya ndiye anayehesabu vidonge. Haamini mtu mwingine.