Redio ya Chumba cha Chama: Iuzwe au Ibaki?



Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa hoja, nayo ikaahirishwa, kwamba redio ya mawimbi mafupi iliyomo katika chumba cha chama iuzwe, na fedha yake itiwe katika mfuko wa mazishi. Aliyeitoa hoja hiyo ni mwenzetu mwenye busara, na sababu zake si za kupuuzwa. Alisema ya kwamba kila mwanachama leo ana simu ya mkononi; kwamba redio ile yala betri kama mchwa alavyo boriti; na kwamba jioni nyingi wanaoketi mbele yake hawazidi wanne. Wengi wetu tulinyamaza siku ile. Tulinyamaza kwa kuwa hatukuwa na jibu ila mazoea, na mazoea si hoja. Tangu hapo tumepata nafasi ya kufikiri, na leo twaomba kusema.

Niwieni radhi nikiiacha kidogo ile "sisi" ya mhariri na kusema "mimi", maana kisa nitakachokitaja ni aibu yangu mwenyewe, wala sipendi kuigawa kwa wengine.

Mwaka 2014, nilipokuwa karani kijana katika wilaya ya mbali, nilikuwa na redio ndogo. Alfajiri moja nilisikia habari kutoka kituo cha ng'ambo kwamba mpaka umefungwa na magari ya mizigo yamezuiwa. Jina la nchi lilimezwa na upepo. Sauti ilififia, ikarudi, na habari nyingine ikawa imekwisha anza. Mimi nilidhani ni mpaka wetu. Nilipokuwa nikienda kazini nilimwambia jirani yangu, mzee mmoja mfanya biashara ya vitunguu, naye hakuniuliza mara mbili. Karani wa Serikali akisema jambo, mtaa huamini. Huona ya kuwa limetoka katika karatasi yenye muhuri. Mzee yule akawauzia vitunguu vyake walanguzi wa papo hapo kwa bei ya hasara. Jioni nilifungua redio tena, nikaisikia habari ile ile kwa ukamilifu: mpaka uliofungwa ulikuwa wa nchi nyingine kabisa, mbali na kwetu. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinijibu kwa upole, "Mwanangu, siku nyingine sikiliza mpaka mwisho." Upole wake uliniumiza kuliko matusi.

Tangu siku ile nilinunua daftari, nikaazimia kusikiliza juma zima, tangu Jumatatu hata Jumapili, na kuandika kila nilichosikia: tarehe, saa, masafa, aliyesema na alichosema. Nililichagua shirika la Deutsche Welle la Ujerumani, kwa sababu lilisikika vizuri kuliko vingine vyote. Shirika hilo lilianza kutangaza mwaka 1953, na Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1963. Tangu mwaka 1965 lilikuwa na mitambo ya kupokezana matangazo huko Kigali, Rwanda. Kwa hiyo sauti zilizotoka Ulaya zilirushwa tena kwetu kutoka nchi jirani.

Juma lile nilijifunza jambo ambalo miaka yote ya kusikiliza ovyo ovyo haikunifunza. Taarifa ya habari ya asubuhi ni kama simu ya maandishi iletwayo na tarishi: maneno machache, ya haraka, yasiyo na maelezo. Jioni habari ile ile hurudi ikiwa na mashahidi wake: mwandishi aliyefika mahali penyewe, mkubwa anayejitetea, raia anayelalamika. Kisha huja mazungumzo ya mara moja kwa juma, mfano wa yale yaitwayo "Maoni Mbele ya Meza ya Duara", ambamo watu wenye fikira mbalimbali huketi wakapingana mbele ya masikio yetu. Basi msikilizaji wa asubuhi moja amesoma barua moja tu, lakini msikilizaji wa juma amelisoma jalada zima. Sisi tuliolelewa masjala twajua hatari ya karani ajibuye barua pasipo kulifungua jalada. Vitunguu vya mzee yule viliharibika kwa kosa hilo hilo.

Tena juma lina mambo ambayo taarifa ya habari haiyabebi. Palikuwa na "Mtu na Mazingira", palikuwa na "Wanawake na Maendeleo", palikuwa na "Mbiu ya Mnyonge" iliyohusu haki za watu, na michezo ya kuigiza ya "Noa Bongo" kwa ajili ya vijana. Hakuna tarishi atakayekimbia kukuletea habari kwamba udongo wa mlimani unamomonyoka, maana udongo haumomonyoki kwa siku moja. Mambo kama hayo yahitaji zamu yake katika juma, na mtu wa kuyangoja.

Hapo narudi kwenye "sisi", na kwenye hoja.

Mtoa hoja asema ya kwamba simu imeyashika yote haya. Twakubali kwamba simu ni neema. Vituo vingi vya ng'ambo husikika leo kwa simu, tena kwa sauti safi kuliko ile ya mawimbi mafupi. Lakini na tutazame njia ambayo sauti hiyo hupitia. Sauti ya simu hupita katika minara iliyo ndani ya nchi na kampuni zilizo chini ya amri ya nchi; kadhalika redio za FM, ambazo mlingoti wake husimama mahali panapojulikana. Mawimbi mafupi hayapiti huko. Huruka kutoka mtamboni, yakapanda mbinguni mpaka tabaka la juu la hewa lililotiwa umeme na jua, yakapigwa kurudi ardhini, mbali sana na yalikotoka. Ndiyo sababu mchana hutumika masafa ya juu, mathalan mkanda wa mita 19, na usiku hushuka hata mkanda wa mita 49: tabaka lile hubadilika kwa kuchwa na kucha kwa jua. Ndiyo sababu pia sauti hufifia na kurudi. Kufifia huko, kulikonidanganya mimi, ndiyo gharama ya njia isiyo na lango.

Je, lango hufungwa kweli? Mwezi Januari 2021, nchini Uganda, intaneti ilikatwa tarehe 13, usiku wa kuamkia uchaguzi, na haikurudi mpaka tarehe 18. Nchini Burundi, mwezi Mei 2018, BBC na Sauti ya Amerika zilisimamishwa zisitangaze katika FM kabla ya kura ya maoni juu ya katiba. Mwaka uliofuata BBC ilinyang'anywa leseni yake. Hatuyataji haya ili kuhukumu serikali yo yote. Sisi ni watumishi, wala gazeti hili si baraza la siasa. Twayataja kama karani ataja moto wa ghala: si kwa kumlaumu mtu, bali ili kuuliza ndoo ya maji iko wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Sudan. BBC ilikuwa imetangaza kwa Kiarabu tangu tarehe 3 Januari 1938. Tarehe 27 Januari 2023, baada ya miaka 85, redio hiyo ya Kiarabu ilifungwa kwa ajili ya kupunguza gharama, na kwa kuwa wasikilizaji, walisema, wamehamia katika intaneti. Tarehe 15 Aprili mwaka ule ule vita vikazuka Khartoum. Kabla ya miezi minne kutimia tangu kufungwa, mwezi Mei, BBC ikalazimika kuanzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa ajili ya Sudan, mara mbili kila siku, tena kwa mawimbi mafupi. Lakini na tuulize: matangazo yale yaliwafaa akina nani? Yaliwafaa wale tu ambao hawakuwa wameuza redio zao. Akiba haiozi.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Wako miongoni mwetu wanaoipenda redio ya ng'ambo kupita kiasi, wakisema kwamba neno lisilotoka Ulaya au Marekani si habari. Hao nao wamekosea. Kituo cha ng'ambo kina mwenyewe, na mwenyewe ana mfuko. Deutsche Welle hulipwa na hazina ya Ujerumani, Sauti ya Amerika hulipwa kwa fedha inayopitishwa na Bunge la Marekani, na BBC hutegemea ada ya Waingereza pamoja na fedha ya serikali yao. Mwenye mfuko akiufunga, sisi hatuna kura. Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, siku moja baada ya amri ya Rais Donald Trump, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika waliambiwa wakae nyumbani, na kituo kilichoanza mwaka 1942, chenye Idhaa ya Kiswahili tangu mwaka 1962, kikanyamaza. Waliokuwa na kituo hicho peke yake waliamka asubuhi hawana kitu. Na mitambo ile ya Kigali niliyoitaja ilizimwa tarehe 28 Machi 2015, miezi michache tu baada ya mimi kulijaza daftari langu. Hapana aliyetuuliza, wala hatukuwa na haki ya kuulizwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi faida ya redio ile si kwamba yaleta kituo kimoja kitukufu. Faida yake ni kwamba kwa kuzungusha kitasa kimoja twaweza kusikia mabwana wawili au watatu wakisimulia jambo moja, kila mmoja kwa dirisha lake, nasi tukapima: huyu ametaja nini, na yule ameruka nini? Kazi hiyo ya kulinganisha ndiyo kazi yetu ya kila siku ofisini. Mtu aliyezoea kulinganisha hati mbili za kiwanja kimoja hashindwi kulinganisha taarifa mbili za vita vimoja.

Kwa hiyo twapendekeza mbele ya mkutano ujao mambo manne.

Kwanza, redio isiuzwe. Kuhusu mfuko wa mazishi, twauheshimu. Lakini bei ya redio kuukuu haitamzika hata mwanachama mmoja kwa heshima, na mfuko huo wahitaji michango inayolipwa kwa wakati, jambo ambalo Mtunza Hazina amekwisha lilia mara nyingi.

Pili, liwekwe daftari moja mezani, na wasikilizaji waandike kwa zamu. Saa ziandikwe zetu, si za ng'ambo: saa tatu ya usiku ya Greenwich ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, na wengi hukikosa kituo kwa kosa hilo tu. Tena ikumbukwe ya kuwa vituo vingi hubadili masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Tatu, tuwaandikie wenye vituo. Wasikilizaji wa mawimbi mafupi wana desturi nzuri ya kupeleka ripoti yenye tarakimu tano, kila moja tangu 1 hata 5: nguvu ya sauti, kuingiliwa na vituo vingine, kelele za hewa, kufifia, na ubora wa jumla. Vituo vingi vimekuwa vikirudisha kadi ya shukrani kwa ripoti kama hizo. Afadhali ripoti moja ya kweli kutoka wilayani kuliko manung'uniko mia yasiyoandikwa. Wafungao matangazo husema ya kwamba hakuna asikilizaye. Tusipoandika, tumewapa ushahidi.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: mwanachama asitoke chumbani na habari aliyoisikia mara moja, nusu nusu, akaipeleka sokoni kana kwamba ni tangazo la Serikali. Na aingoje jioni, au aitafute katika kituo cha pili. Akishindwa kungoja, na aseme waziwazi, "Nimesikia kwa mbali, sina hakika." Maneno hayo hayampunguzii karani heshima yake hata kidogo.

Kuhusu betri, wanne wale wasikilizao kila jioni wamekubali kuzinunua wenyewe kwa zamu mpaka mkutano uamue. Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao, na zamu ya kwanza ni yake. Mtoa hoja naye twamwalika kwa heshima aje aketi nasi juma moja, tangu Jumatatu hata Jumapili, kabla ya kupiga kura. Kiti kiko, na daftari lipo mezani.