Mambo ya Nyumbani: Pima Mzigo Kabla ya Kufunga Kamba



Kila mwaka shule zinapofungwa, ofisi ya parokia hupata wageni wa namna moja. Huja kuomba vyeti vya ubatizo vya watoto, au barua ya kupeleka kwa paroko wa huko waendako. Mmoja amepata kazi Dar es Salaam. Mwingine amefuata shamba Mbeya. Mwingine anarudi kwao Songea baada ya miaka mingi ya kukata miwa kule Kidatu. Ukiwauliza, "Na vyombo mtavipelekaje?" wengi hujibu, "Tutatafuta gari."

Ndugu msomaji, jibu hilo halitoshi. Jamaa iliyokaa miaka kumi ikikusanya vitanda, masufuria, cherehani na baiskeli yaweza kupoteza nusu ya mali hiyo kwa siku mbili za safari. Tena haipotei kwa wezi. Inapotea kwa nauli, kwa kuvunjika, na kwa maneno ya mdomo yasiyo na karatasi. Basi, juma hili tufanye hesabu pamoja.

Kwanza: kipi kiende, kipi kibaki?

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya gari. Huko ni kuanza mwisho. Anza nyumbani, na daftari mkononi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kitu, halafu mbele ya kila kimoja uandike bei tatu: hapa kitauzwa kwa shilingi ngapi, huko uendako kingine kama hicho kitanunuliwa kwa shilingi ngapi, na kukisafirisha kutakugharimu shilingi ngapi.

Nitatoa mfano. Hizi si bei za sokoni, ni hesabu ya kujifunzia tu. Tuseme kitanda chako cha mninga hapa kitauzwa shilingi 80,000, na huko kingine cha namna hiyo ni shilingi 200,000. Tofauti ni shilingi 120,000. Kama kukipeleka ni shilingi 50,000, kipeleke, umepata faida ya shilingi 70,000. Sasa tazama kabati la mbao laini. Hapa litauzwa shilingi 60,000, huko jipya ni shilingi 100,000. Tofauti ni shilingi 40,000. Lakini kabati ni kubwa, na kulipeleka ni shilingi 70,000. Hilo liuze, hata kama linang'aa! Ukilipeleka utakuwa umelinunua mara ya pili.

Hapa ndipo ugomvi huingia nyumbani. Baba husema, "Mama watoto, kinu hiki kizito cha nini? Tukiache." Mama hujibu, "Na wewe, Baba watoto, hilo redio bovu unalipeleka wapi?" Kila mmoja huona uzito wa kitu cha mwenzake. Hesabu ya bei tatu huamua bila matusi, kwa sababu daftari halina upande. Lakini kila mtu wa nyumba aruhusiwe kitu kimoja kisichoulizwa bei. Bibi mzee akitaka kigoda chake, kigoda kiende. Si kila kitu ni fedha.

Pili: hesabu mara mzigo utakazoshuka chini

Hili ndilo jambo kubwa, nami naomba ulishike. Njia nafuu si ile yenye nauli ndogo tu. Kila mara mzigo unaposhushwa chini na kupakiwa tena, unalipa wachukuzi, unavunja kitu, au unapoteza kitu. Kwa hiyo, unapolinganisha njia mbili, hesabu mishuko.

Wazee wa bonde letu wanalijua jambo hili vizuri. Zamani mtu wa Mahenge alifika mtoni na mzigo wake, akaushusha, akavuka kwa mtumbwi, na ng'ambo akaubeba upya. Baadaye kikaja kivuko, na foleni yake, na hatari zake. Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa mwaka 2018. Barabara ya lami ya Kidatu mpaka Ifakara, kilometa 66.9, ilizinduliwa mwaka 2024. Leo lori laweza kupakia mlangoni pako Mahenge na lisishushe kijiko mpaka mlangoni pako Morogoro. Huo ni mshuko mmoja tu.

Sasa tuzitazame njia zenyewe.

Reli ya TAZARA. Reli hii ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na urefu wake ni kilometa 1,860, toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa mtu wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba anayekwenda Makambako au Mbeya, reli ina faida kubwa: inapita Mlimba na kupanda milima moja kwa moja mpaka Makambako, wakati malori mengi huzunguka kwa Mikumi na Iringa. Lakini kumbuka mambo matatu. La kwanza, TAZARA haifiki mjini Morogoro. Ukitoka kwetu inapita Kisaki kwenda Dar es Salaam. La pili, mabehewa yake hayawezi kupita katika reli nyingine za nchi yetu. Upana wa TAZARA ni milimeta 1,067, wa Reli ya Kati ya zamani ni milimeta 1,000, na wa reli mpya ya umeme ya Dar es Salaam mpaka Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni milimeta 1,435. Kwa hiyo anayekwenda Tabora au Dodoma kwa kubadilisha reli, lazima ashushe kila kitu njiani. La tatu, mwaka 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa kuikarabati TAZARA. Kabla ya kufunga hata kikapu, nenda stesheni uulize: treni ipo? Inapokea mizigo ya nyumbani? Mnapima kwa kilo au kwa nafasi?

Swali hilo la mwisho ni la maana sana. Godoro na viti ni vyepesi lakini hula nafasi. Kinu, jembe na gunia la mchele ni vidogo lakini vizito. Anayetoza kwa kilo atakuhurumia kwa godoro. Anayetoza kwa nafasi atakuhurumia kwa mchele.

Lori la kukodi zima. Hii ndiyo njia ya mshuko mmoja, nayo ndiyo ghali. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, lakini bei ya kukodi lori ni mapatano yako na mwenye lori. Inafaa kwa jamaa yenye vyombo vingi, au kwa jamaa mbili zinazokwenda upande mmoja zikachangia.

Nafasi katika lori linalorudi tupu. Hapa ndipo penye nafuu. Malori huleta Ifakara saruji, mabati, sabuni na soda. Dereva asiyekuwa na mzigo wa kurudi nao anachoma mafuta yake bure, naye atakupa nafasi kwa bei ya upole. Nenda kwenye maduka ya jumla, uwaulize wenye maduka magari yao yanatoka wapi na yanarudi lini. Mwenye duka anamjua dereva wake. Dalali wa njiani hamjui mtu.

Basi. Linafaa kwa maboksi mawili au matatu na cherehani, si kwa nyumba nzima. Patana bei kabla ya kupakia, maana utingo akiisha kufunga kamba, bei ni yake.

Tulinganishe kidogo, kwa mfano tena. Treni: kirikuu mpaka stesheni shilingi 15,000, wachukuzi 10,000, nauli ya mzigo 120,000, wachukuzi wa huko 10,000, gari mpaka nyumbani 40,000. Jumla ni shilingi 195,000, na mishuko mitatu. Lori linalorudi tupu: shilingi 220,000, mlango kwa mlango. Ukitazama nauli peke yake, treni imeshinda kwa shilingi 100,000. Ukihesabu yote, imeshinda kwa shilingi 25,000 tu, na kioo kimoja cha kabati kikivunjika faida imekwisha. Siku nyingine hesabu itaangukia upande wa treni. Mimi sikuambii uchague ipi. Nakuambia uhesabu mpaka mlangoni.

Tatu: majira

Bei ya gari katika bonde letu hufuata mpunga. Mavuno yakiisha, mwezi wa Juni na Julai, malori huja kufuata mchele. Anayehama kutoka hapa wakati huo anashindana na magunia, na magunia hayaombi kupunguziwa bei. Lakini anayehamia kwetu wakati huo amebahatika, maana malori yanakuja na nafasi. Masika, Machi mpaka Mei, sehemu za udongo za barabara za upande wa Mlimba na Malinyi huwa matope, na gari likikwama mzigo wako unalowa. Basi, kama una hiari ya kuchagua, mwezi wa Desemba ni mzuri: shule zimefungwa, bidhaa za sikukuu zinaingia, na magari yanarudi mepesi. Lakini usingoje juma lenyewe la Noeli, maana abiria hujaza mabasi na madereva hutaka kuwa makwao.

Nne: nani alipe?

Kabla ya kuuza mbuzi ili ulipe lori, uliza kama gharama hiyo ni yako. Mtumishi wa serikali anayehamishwa kwa amri ya mwajiri hulipwa gharama za kusafirisha mizigo yake. Anayehama kwa ombi lake mwenyewe hujilipia. Tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, yasema kwamba mfanyakazi akiachishwa kazi mahali pasipo pale alipoajiriwa, mwajiri ampeleke yeye na vyombo vyake mpaka mahali alipoajiriwa, au amlipe gharama hiyo. Wako watu waliochukuliwa mbali kuja kufanya kazi huku bondeni, wakaondoka kwa fedha zao kwa sababu hawakuuliza. Uliza kwa adabu, na uliza kwa maandishi.

Tano: karatasi na barabara

Usilipe bei yote siku ya kupakia. Lipa sehemu, na iliyobaki uilipe mzigo ukifika na kuhesabiwa. Andika karatasi mbili: jina la dereva, namba ya gari, orodha ya vitu, bei iliyopatanwa, kiasi kilicholipwa. Mweke sahihi wote wawili mbele ya shahidi, balozi au jirani. Dereva mwema hatachukia. Anayechukia karatasi, mwache aende zake.

Usichanganye vyombo na vitu vinavyohitaji kibali. Mbao na mkaa huhitaji kibali cha usafirishaji cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mifugo huhitaji kibali cha bwana mifugo. Kipande cha mbao kilichofichwa chini ya godoro chaweza kuzuia lori zima, na majirani uliochangia nao watalala njiani kwa ajili yako. Mchele wa chakula chako usiogope kuuchukua: tangu mwaka 2017, mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru.

Na jambo hili nalisema kwa nguvu: usiwapandishe watoto juu ya mzigo wa lori ili kuokoa nauli ya basi. Sheria inakataza, na kamba ya katani haijui thamani ya mtoto. Nauli ya watoto kwa basi iwe ya kwanza katika daftari lako, kabla ya kitanda na kabla ya kabati.

Mwisho, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, hati za shamba na fedha visipande lori. Vifungwe katika mfuko mmoja wa nailoni, na mama auchukue mkononi. Skrubu za kitanda zifungwe kitambaani na kuning'inizwa kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Vyungu na sahani zikae katikati ya nguo, nguo si mzigo wa bure. Na sufuria moja, kiberiti, chumvi na mchele wa siku moja viwe juu kabisa, vishuke kwanza. Watoto wakifika usiku katika nyumba ngeni, wakaona moto na chakula, hawatalia kutaka kurudi.

Haya, wasomaji wapenzi, wenye safari nawatakia safari njema. Juma lijalo tutazungumza habari za kuhifadhi mpunga usiliwe na wadudu. Kwa herini.