Machozi Tutajifuta Wenyewe

Kuna maneno mawili yananikera: kifuta jasho na kifuta machozi. Ndiyo majina ambayo kanuni za serikali za mwaka 2011 zimeyapa malipo ya mwananchi aliyeliwa mazao, kujeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyama wakali.

Mimi ni kijana wa Lagangabilili, wilayani Itilima, niliyeishia kidato cha nne. Ndoto yangu ni kuandika riwaya, kwa hiyo maneno ndiyo jembe langu. Kifuta jasho ni hisani. Mtu kakubebea gunia, ukipenda unampa kidogo, usipopenda, hakudai. Fidia ni deni.

Mashariki yetu liko Pori la Akiba Maswa, na nyuma yake Serengeti, hifadhi ya taifa tangu 1951. Mahindi yakikomaa, tembo wanavuka. Wakulima wa mpakani wanakesha na tochi, wakipiga madebe. Na kanuni zile za 2011 ziliweka kikomo cha ekari 5. Ukiliwa ekari 10, nusu umetoa sadaka!

Wageni nao wanalipa dola, wakipita lango la Naabi kutoka Arusha au Ndabaka kutoka Mwanza. Huku kwetu hawapiti. Eti huo ni utalii unaojali mazingira. Chama cha kimataifa cha utalii huo, kilipoueleza mwaka 1990, kilitaja mambo mawili kwa pamoja: kuhifadhi mazingira na kuinua hali ya wenyeji. Jamani, mbona tunashika moja tu?

Nitajibiwa kwamba Tanapa ina mpango wa ujirani mwema, inajenga madarasa na zahanati. Sawa, ahsante. Lakini darasa ni la kijiji kizima, shamba lililoliwa ni la mtu mmoja. Deni la fulani halilipwi kwa zawadi ya jirani yake.

Wengine wataniita adui wa wanyama. Hapana, bwana. Nataka tembo aishi, na mlinzi wake wa kwanza ni huyo mkulima. Akiona faida ni ya wengine na hasara ni yake, jangili akipita usiku atajifanya hakusikia kitu.

Vijana wenzangu, tuanze na neno. Katika kila barua na kila mkutano wa kijiji tuseme fidia. Fungu lake litengwe kwanza katika mapato ya wageni, kabla hayajagawiwa kwingine. Machozi tutajifuta wenyewe. Deni letu lilipwe.