Amani imesainiwa Washington: mama wa sokoni amesikia nini?

Tarehe 27 mwezi wa sita 2025, mawaziri wa mambo ya inje wa Congo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani kule Washington, mbele ya mwenzao wa Marekani, Marco Rubio. Ni habari kubwa. Ila tujiulize: mama mwenye kuuza ndizi pale Minova, redio ikiwa pembeni ya kitunga chake, alibaki na nini?

Namna tumezoea kuandika ni hii: « Waziri, akisindikizwa na wajumbe wake, amepongeza hatua hiyo ya kihistoria… » Majina, vyeo, shukrani. Hapo tuko nasoma komunike, hatutoe habari. Kabla ya sentensi ya tatu, mama amegeukia muteja wake.

Na ubaya si kuchosha watu tu. Siku ile, jambo lenye uzito kwa mukaaji wa Goma, Masisi ao Bukavu lilikuwa moja: M23 haikutia sahihi. Mazungumzo yake na Kinshasa yalipita njia ingine, kule Doha, na tangazo lao la kanuni lilisainiwa tu tarehe 19 mwezi wa saba. Ukiweka jambo hilo mwisho wa habari, mutu atasikia neno « amani » peke yake, atafunga mizigo na kurudi kijijini kwenye risasi zingali zinalia. Kwa hiyo kuchagua sentensi ya kwanza ni jambo la uhai.

Tungeanza namna gani? Kwa swali lenye liko mu kinywa cha watu: sasa kwetu kunabadilika nini? « Congo na Rwanda wamesaini amani leo. M23 haikusaini. Hapa Goma, uwanja wa ndege na banki nyingi vingali vimefungwa. » Sentensi tatu, kila moja na wazo lake. Majina ya mawaziri yatakuja nyuma. Musikilizaji hana karatasi ya kurudilia. Kama neno ni la lazima, urudilie wewe.

Kisha utafute mutu mumoja. Mwalimu mwenye kukosa namna ya kutoa mushahara wake anaeleza mapatano haya kuliko maneno ya wataalamu watatu. Lakini hapo ndipo tunateleza mara mingi. Mama wa Minova hapa juu ni mufano wa makala. Hewani lazima awe mutu kweli, mwenye tumeongea naye. Kubuni mutu ili habari inoge ni uongo. Machozi ya mutu mumoja pia hayapimi hali ya jimbo nzima, basi tuseme wazi kwamba ni yake. Na kama kujulikana kunaweza kumuletea shida usiku wa leo, jina, kartie na sauti yake visitoke hewani, hata kama habari itapunguka utamu.

Kabla ya kuingia studio, soma mwanzo wa habari yako kwa jirani mwenye hafanye kazi ya redio. Muulize: « Umesikia nini? » Akijibu « Vita imeisha », rudi ukaandike tena.